Irabu ya Sita ya Fundi Mara Mbili

Fundi Mara Mbili hakupewa jina hilo kwa kuonewa. Kila kitu alikipima mara mbili: kiuno cha mteja, komeo la mlango, joto la chai, hata salamu. Ukimwambia habari za asubuhi alikutazama kwanza, kama anayekagua iwapo asubuhi yenyewe ipo, ndipo akakujibu, kisha akakujibu tena. Mkewe alipojifungua pacha, wambea wa mtaani wakasema fundi wa watu alikuwa anahakiki. Tangu hapo nyumbani akawa Baba Pacha, lakini kazini alibaki Mara Mbili, na alishuku kwamba hata jina hilo lilikuwa na mtu nyuma yake.

Kazi yake ilikuwa hotelini, kwenye hoteli ya ghorofa kadhaa yenye zulia lililokwisha manyoya mbele ya lifti. Chumba chake cha kushonea kilikuwa ghorofa ya pili, mwisho kabisa wa ukumbi mwembamba. Kilikuwa na meza ya kukatia, cherehani, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, pazia la kubadilishia nguo, na dirisha. Dirisha ndilo lililokuwa mali. Lilitazamana na mapaa ya mabati na tangi la maji, mandhari isiyopigwa picha na mgeni yeyote, lakini lilileta mwanga usiodanganya. Chini ya taa ya umeme uzi mweusi na uzi wa buluu ya giza hufanana kama wale pacha wake. Dirishani hutengana zenyewe, kila mmoja ukashika njia yake. Wageni waliovuliwa vifungo na safari, au walionenepa tangu wapande ndege, walipandishwa kwake. Aliwapima, akawageuza, akawarudisha chini wakiwa watu.

Katika dunia hii yote kitu kimoja tu ndicho alichokiamini bila kukihoji: futi yake ya kitambaa. Aliachiwa na fundi aliyemfundisha kazi, ikiwa mpya na ya njano. Sasa ilikuwa na rangi ya chai iliyosahaulika kikombeni, na ilikaa shingoni mwake kama nishani.

Basi akaja meneja mpya. Alikuwa ametoka kusoma ng'ambo, akarudi na mabegi mawili na irabu moja. Irabu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, ile ndefu ndefu inayosikika ndani ya neno lao la shati na la sketi, na meneja aliipenda kama mtu anavyopenda meno mapya: aliionyesha hata pasipo na cha kuchekesha. Siku ya kwanza akawakusanya wafanyakazi kwenye ukumbi wa chakula.

"Kuanzia leo," alisema, "kila anayezungumza na mgeni atapimwa matamshi. Hasa sauti hii." Akaitoa.

Mpishi mkuu, mama mwenye huruma, akainua mkono. "Bosi, unajisikia vibaya?"

Watu wakaangua kicheko. Meneja hakucheka. Alieleza kwamba atakayeshindwa na sauti hiyo hatafukuzwa, la hasha, hoteli ina utu. Atahamishiwa chini kwa dobi, ambako hakuna mgeni wa kumsikia.

Hapo Fundi Mara Mbili akaacha kufuatilia vicheko. Chini kwa dobi alipajua. Hapakuwa na dirisha. Palikuwa na mvuke, taa moja ya umeme inayotetemeka, na marundo ya foronya zinazongoja vifungo. Kwa fundi wa suti, kushuka kule ni kuzikwa huku unapumua. Yeye peke yake katika ukumbi ule alikuwa na chumba chenye mwanga, na kila mtu alijua.

Hazikupita siku nyingi, shemeji yake meneja, mtu wa kuuza manukato, akapanda kule juu. Alisema amekuja kusalimia tu. Akaenda moja kwa moja dirishani, akalifungua, akalifunga, akalifungua tena, akanusa nje.

"Hapa panapata hewa safi, fundi."

"Panapata," fundi akajibu. "Panapata."

Shemeji akaondoka. Fundi akabaki amesimama na pasi mkononi. Anayekuja kusalimia husalimia watu. Huyu alisalimia dirisha.

Akafunga mlango kwa komeo. Nyuma ya mlango huo, siku alipokabidhiwa chumba akiwa kijana, alikuwa ameandika kwa chaki upana wake, ukuta hadi ukuta, na kila chaki ilipofifia aliipitia upya bila kubadilisha tarakimu. Akatandaza futi yake sakafuni, akapima. Akapima tena.

Chumba kilikuwa kimepungua vidole viwili.

Mtu mwingine angejicheka. Yeye akatega sikio ukutani. Upande wa pili mafundi walikuwa wakipiga plasta chumba cha mgeni, koo, koo, koo. Picha yote ikamkalia kichwani vizuri kama koti lililokatwa na mwenyewe: wanausogeza ukuta polepole, kidole leo kidole kesho, na ile irabu ni ya kumpotezea macho tu.

Pamoja na hayo, mtihani ulikuwa mtihani. Hoteli ikaleta mwalimu wa matamshi, binti mchangamfu mwenye kioo kidogo cha mkononi, naye akawa anapanda kumfundisha fundi kati ya mteja na mteja.

"Fungua mdomo kidogo, fundi. Usiupange. Ulimi ulaze katikati."

"Katikati ya nini?"

"Ya kila kitu. Usiende mbele kama kwenye e, usirudi nyuma kama kwenye o, usishuke chini kama kwenye a."

"Na midomo?"

"Midomo usiifanye lolote."

Fundi akaweka mkasi mezani. "Mwalimu, unanifundisha kufanya kitu au kutofanya?"

"Kutofanya. Ndiyo ugumu wake."

"Na hoteli inakulipa?"

"Inanilipa."

Fundi akamtazama. Kisha akamtazama tena. "Sisi irabu zetu ni tano," akasema. "Tumeoa nazo, tumezika nazo, tumetukanana nazo, hatukuwahi kupungukiwa. Hii ya sita ni ya kazi gani?"

"Lakini wewe unaijua siku zote! Shati, sketi, jezi, nesi, sakasi. Huko yalikotoka maneno hayo yote yana sauti hiyo hiyo moja."

"Ngoja kwanza." Fundi akavua miwani. "Shati lina a. Sketi ina e. Unaniambia mzigo ulikuwa mmoja?"

"Mmoja."

"Basi kuna mtu katikati." Akavaa miwani. "Umeingia mzigo mmoja, mlango huu imetoka a, mlango ule imetoka e. Yule wa katikati amefanya nini na ile ya asili? Hamjiulizi?"

Mwalimu alicheka mpaka akakalia sindano ya mto wa pini, akaruka. "Wazee waliisikia, fundi, hawakuwa na pa kuiweka. Kila mmoja akaiweka alipoona nafasi."

"Ndivyo wanavyosema wote wakikamatwa."

Hata hivyo alijaribu. Alishika kioo kile kidogo, akaupanga mdomo kama mtu anayengoja kinyozi. Akasema shat. Mwalimu akatikisa kichwa. Akasema shet. Akatikisa kichwa. Akasema shot.

"Sasa ulimi unatembea tu, fundi. Urudishe nyumbani."

Mashaka yakamzidi. Akaamini irabu hiyo haipo kabisa, ni njama ya watu wawili, meneja na mwalimu, waliokaa mahali wakaitunga. Kuthibitisha, akamvizia mgeni mmoja, bibi wa makamo aliyekuja kufupishiwa gauni. Akamwonyesha sketi iliyoning'inia, akamwuliza kwa Kiingereza hiki ni nini. Bibi akaitaja, na ile sauti ikatoka mdomoni mwake laini, bila jasho.

Fundi akainama kwenye pindo. Kumbe na huyu wamemwingiza.

Nyumbani alikwenda kufanyia mazoezi bafuni, mahali pekee penye kioo na komeo. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nao kwa ajili ya matibabu ya magoti, na magoti yake yalimruhusu kusimama kwenye milango ya watu kwa muda mrefu sana. Akasikia sauti kutoka ndani, nzito, ya katikati, isiyokuwa a wala e, ikitoka, ikikatika, ikianza upya kwa juhudi. Akabisha kwa upole.

"Mkwe. Imekwama?"

Fundi akafungua bomba.

"Usione haya, baba. Yanatupata wote. Kunywa maji ya moto, kaa, usikilize mwili."

"Mama, shikamoo. Ninajifunza Kiingereza."

"Marahaba. Ndiyo, ndiyo, Kiingereza." Akageuka kumwambia binti yake kwa mnong'ono uliosikika hadi kwa majirani: "Mumeo ana siku ngapi hajaenda?"

Mkewe alikuwa nesi wa wodi ya wazazi, mwanamke wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye. Fundi alipotoka, uso umemvimba kwa kujikaza, akamkalisha kitandani.

"Hebu sema kazi yangu kwa Kiingereza."

"Nas."

"Hapo nimeshaachishwa kazi," mkewe akasema. "Sema tena."

"Nes."

"Baba Pacha, mbona unajikaza hivyo? Hata wodini nawaambia, mama, usisukume kabla ya wakati. Legeza." Kisha akaitamka mwenyewe, mara moja, huku akikunja foronya, kama si kitu.

Fundi akakaza macho. "Wewe ulijifunzia wapi?"

"Chuoni. Kwa daktari aliyetufundisha."

"Daktari yupi?"

"Baba Pacha, vua viatu ulale."

Alilala, lakini chali, akiutazama ukuta wa chumba chao. Aliuona nao kama umesogea kidogo. Kabla usingizi haujamchukua akamweleza mkewe yote: shemeji, dirisha, vidole viwili. Mkewe alisikiliza, safari hii bila kucheka, kwa sababu aliiona mikono ya mumewe imeshikana juu ya shuka kama ya mtoto anayengoja sindano. Ndipo alipojua kwamba hili si la irabu. Mtu huyu alikuwa anaogopa giza la kule chini.

"Ukuta hausogei hivihivi," akamwambia.

"Ndiyo maana nasema unasogezwa."

Siku ya mtihani meneja alikuja juu na mwalimu, naye meneja amevaa suti yake mpya ambayo haijamalizwa. Jioni hiyo angekula na wenye hoteli, alitaka ikae mwilini barabara. "Nimeona mambo mawili tuyamalize kwa safari moja," akasema, akasimama mbele ya kioo akijipenda.

Fundi aliipokea habari hiyo kwa shaka. Hakimu anayekuja kushonewa na mshitakiwa ana lake jambo.

Mwalimu akainua picha ya shati. Fundi akasafisha koo, akafuta midomo, akaupanga mdomo sawasawa na kioo kilivyomfundisha. "Shat." Picha ya sketi. "Sket." Picha ya nesi. Hapo akamfikiria mkewe, akavuta pumzi kubwa, akakusanya nguvu zote alizobakiza.

"Nes."

Meneja akatikisa kichwa kwa huzuni iliyopigwa pasi tangu nyumbani. "Pole sana, fundi. Tumejaribu. Dobi nao ni watu. Haya, malizia suti, nina haraka."

Fundi alikwenda mezani, akachota pini, akazipanga katikati ya midomo safu moja, kama alivyofanya tangu ujana wake. Mikono yake ndiyo iliyokuwa na akili siku hiyo, kichwa kilikuwa kimeshashuka kwa dobi. Akabana mshono wa kwapa la kulia, akabana la kushoto, akashuka mbavuni, akachomoa pini mdomoni na kuchomeka, moja baada ya moja. Alipofika mgongoni akamwambia meneja ageuke. Alimwambia kwa Kiingereza, kwa lile neno fupi, turn, alilowaambia wageni wote, miaka nenda rudi, bila hata kujua kwamba anasema.

Mwalimu alikuwa anarudisha picha mkobani. Mkono ukaishia njiani.

"Fundi. Umesema nini?"

"Sijasema kitu," fundi akasema kupitia pini.

"Mwambie tena ageuke."

"Kwani hakugeuka?"

"Fundi, nakuomba."

Fundi akamtazama mwalimu, akamtazama meneja, akaenda kuchungulia nyuma ya kioo. Mtu ameshahukumiwa, halafu anaombwa arudie maneno! "Mnanirekodi?"

"Hakuna anayekurekodi. Sema tu, mlango wa dobi uko palepale, hautakimbia."

Hilo lilikuwa kweli. Akasema.

Na ikatoka. Haikuwa a, haikuwa e, haikuwa o. Midomo ilikuwa na kazi yake ya kushika pini, haikuwa na nafasi ya kujipanga. Ulimi ulikuwa umejibanza katikati usichomwe, kama ulivyojibanza maisha yake yote ya kazi. Sauti ikapita hapo ilipoachiwa njia, ndefu, tulivu, imetulia kama mwenye nyumba. Mwalimu akachomoa picha ya shati. Fundi akalitaja. Sketi. Akaitaja. Nesi. Akamtaja mkewe kwa sauti ambayo hakuwahi kumtajia, pini zikimeta.

"Ndiyo hiyo!" Mwalimu akapiga makofi. "Ndiyo yenyewe!"

"Hapana, hapana, hapana," meneja akasema. "Ana pini mdomoni."

"Na wageni, bosi, humkuta lini bila pini?"

"Mtihani ni mtihani. Azitoe, aseme."

Fundi akafikiri. "Nitoe zipi, bosi? Za mdomoni au za kwapani?"

Meneja akainua mkono kwa hasira ili amwonyeshe mlango, na kwapa lote la kulia likamkumbusha kwamba limebanwa. Akapiga yowe. Irabu iliyomtoka ilikuwa a, a ya kwao, a ya bibi yake, pana, isiyopita ng'ambo wala shule yoyote. Akajaribu kushusha mkono, mbavu zikamjibu. Yowe la pili lilikuwa a vilevile.

Mwalimu akashika kidevu. "Bosi, na wewe je, nikuandike kwenye zamu ya kesho kule kwa dobi?"

Meneja alisimama katikati ya chumba mikono imetanuka kama nguo kambani. Hakuweza kukaa, hakuweza kutoka, na wenye hoteli walikuwa wanamngoja jioni. "Haya," akasema huku ameuma meno. "Abaki. Abaki na chumba chake. Nitoeni humu."

Fundi hakusogea. "Umesema abaki?"

"Nimesema abaki."

"Sema tena."

"Abaki! Abaki!" Wakati pini zikichomolewa akawa ananong'ona peke yake, "Sasa shemeji nitamwambia nini?"

Mkono wa fundi ukasimama. "Shemeji yupi?"

"Hakuna shemeji."

"Na ukuta mtaurudisha lini?"

"Ukuta upi?" meneja akauliza, na safari hii mshangao wake ulikuwa wa kweli, jambo lililomtia fundi wasiwasi kuliko yote.

Nyumbani alisimulia kisa mara mbili. Mama mkwe alifurahi kusikia kwamba hatimaye imetoka. Mkewe alimkumbatia, kisha akaenda kwenye koti lake la kazi, akachomoa mfukoni futi ya plastiki wanayopimia matumbo ya wajawazito na vichwa vya vichanga.

"Nipe yako."

"Ya nini?"

"Nipe, Baba Pacha."

Aliivua shingoni kwa shida, kama anayekabidhi mtoto. Mkewe akazilaza zote mbili mezani, mwanzo kwa mwanzo, akazinyoosha. Mwanzoni zilikwenda pamoja. Kisha ya fundi ikaanza kuchelewa. Nambari zake zilikuja nyuma, mbali kidogo, mbali zaidi, kila moja ikihema.

"Chumba hakijapungua," mkewe akasema. "Futi yako ndiyo imevutika. Miaka yote unaikaza."

"Mbona nguo zangu zinawakaa watu?"

"Mwili unaupima nayo, kitambaa unakipima nayo. Inadanganya pande zote sawasawa."

Fundi aliitazama kwa muda mrefu. Watu wote wa dunia aliwahoji mara mbili, na hii hakuihoji hata mara moja. Halafu macho yakahama polepole kwenda kwenye ile ya plastiki.

"Na hii ya kliniki," akasema, "haiwezi kuwa imesinyaa?"

Mkewe akacheka mpaka mama mkwe akaja mlangoni kwa magoti yake yote mawili.

Asubuhi fundi alifika kazini futi mbili zikimning'inia shingoni. Alifunga komeo, akapima kwa ile ya kliniki, ukuta hadi ukuta. Upana ulikuwa uleule wa chaki, haukupungua hata unyoya. Akaenda dirishani, akalifungua, akalifunga. Mwanga ulikuwa wote ndani. Akasogeza uzi mweusi na wa buluu, zikatengana.

Ukumbini hapakuwa na mtu, alitoka kuhakikisha. Akarudi, akapanga pini midomoni, akaitamka ile irabu mbele ya kioo kirefu. Ikaja. Akazitema pini kiganjani, akalegeza midomo kama alivyoambiwa na nesi wake, asifanye lolote, akasema tena.

Ilikuwapo. Au ilisikika kama ipo. Akatega sikio kwanza, kama kuna hatua ukumbini, kisha akaijaribu mara ya pili.